Kumstiri si kumficha: jibu kwa dada wa Kisauni

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kisauni, nalifupisha. Ndugu yake mdogo wa miaka 24 aliugua ghafla mwaka huu, akawa halali, azungumza na sauti azisikiazo peke yake, asema majirani wampangia njama, na usiku mmoja akatoka nje bila nguo, watu wakamrekodi na simu. Akalazwa wiki tano, sasa yuko nyumbani wiki ya pili. Mama ataka shekhe amsomee na dawa zisimame kwanza. Ami yake asema aozwe, atatulia. Halati asema akae chumba cha uani mpaka watu wasahau, manake kuna dada wawili hawajaolewa. Na dada mwenyewe kasoma mahali kwamba Waafrika hupona kuliko wazungu kwa sababu ya jamaa na mtaa, sasa auliza: "Ni kweli hiyo? Manake mimi naona huu mtaa wetu ndio unaommaliza."

Dadangu, kwanza pole. Kwenye nyumba kama yenu anayeugua huwa mmoja lakini wanaokesha ni wengi, na mara nyingi mzigo wote huangukia dada kama wewe ambaye hakuna hata anayemuuliza jana alilala saa ngapi. Mimi ni nesi wa wagonjwa wa akili, kazi hii nimeifanya hapa hapa Mombasa miaka mingi, wodini na majumbani kwa watu, kwa hivo ntakwambia nlichosoma na nlichokiona, na pale ntakapotoa mfano wa mtu ujue nimebadilisha mambo yake asijulikane.

Ulichosoma kina ukweli ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 60 Shirika la Afya Duniani lilianza kuwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia, yani ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasokuwepo, kwenye nchi tisa, zikiwemo Nigeria pale Ibadan na India pale Agra, na walipowaangalia tena baada ya miaka miwili na halafu baada ya mitano, wagonjwa wa Ibadan na Agra wengi wao walikuwa wako hali nzuri kuliko wa London, Washington ama Aarhus kule Denmark. Watu walishangaa manake madaktari na dawa vilikuwa vimejaa huko kwengine. Baadaye wako wataalamu waliozipinga hesabu hizo, wakasema walokufa na walokosa matibabu kabisa hawakutazamwa vya kutosha, na mimi kwa kiasi nakubaliana nao, manake hakuna kitu kwenye damu ya Mwafrika kinachomponyesha. Nimeona Waafrika wengi tu hawakupona. Lakini swali walolifungua ni la kweli: kwa nini mtu mwenye ugonjwa ule ule, na dawa zile zile, nyumba moja asimame na nyumba ya pili aanguke kila baada ya miezi mitatu?

Jibu moja lilipatikana London kwenyewe. Kuna mtafiti aitwaye George Brown, miaka ya 50, aliona kitu cha ajabu: wagonjwa waliotoka hospitali wakarudi kwa wazazi wao ama kwa wake zao walikuwa wakirudi wodini zaidi kuliko waliokwenda kupanga chumba ama kukaa na ndugu. Akaanza kuwasikiliza watu wa nyumbani wanavyomzungumzia mgonjwa, yani akihesabu lawama, ukali, na ile hali ya kumzonga mtu kwa mapenzi mpaka hapumui. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakatoa matokeo ya wagonjwa 101: kwenye nyumba zenye maneno mengi ya aina hiyo 58 katika kila 100 waliugua tena ndani ya miezi tisa, na kwenye nyumba tulivu ni 16 katika 100. Hebu itazame tafauti hiyo, na kilichopimwa ni maneno.

Sasa hayo maneno kwetu wayajua. "Wewe ndiye uliyetutia aibu." "Kijana mzima walala mpaka adhuhuri, wenzako washafika soko la Kongowea washarudi." Na huyu kijana halali kwa uvivu, dadangu, dawa zamuelemea na ugonjwa wenyewe humtoa mtu nguvu hata baada ya sauti kunyamaza, hiyo waelezeni wote nyumbani kwenu manake hakuna lawama inayotolewa sana kama hii na ni lawama ya bure. Upande wa pili yuko mama ambaye hamlaumu lakini hamuachi, amfuata mpaka mlango wa choo, amlisha kwa mkono, alia mbele yake kila akimtazama. Hiyo nayo humuumiza. Mtu wa miaka 24 akililiwa kila siku huanza kuamini kwamba yeye ni maiti.

Utamaduni waingia wapi hapo? Kuna mtafiti wa Kimarekani, Juli McGruder, alikaa Zanzibar na familia zenye wagonjwa wa skizofrenia, na mambo aloyaeleza wewe na mimi twayajua. Nyumba inayosema kijana ana pepo, basi akizidiwa hawamlaumu yeye, kaja pepo, na akitulia kaondoka pepo na mtoto wao wamempata tena. Pepo huja na kwenda. Mtu mwenyewe hakuharibika. Mimi sikwambii uamini ama usiamini, lakini angalia kazi inayofanywa na imani hiyo ndani ya nyumba: inamuondolea mtu lawama na inamuachia mlango wazi wa kurudi. Kwengine mtu akiambiwa ubongo wako una kasoro ya kudumu anabandikwa hilo jina maisha.

Lakini usinukuu nusu ukaacha nusu. Pepo huyo huyo akiambiwa ametumwa, basi nyumba yaanza kumtafuta aliyemtuma, na anayepatikana siku zote ni jirani ama mke wa ami ama bibi kizee asokuwa na mtu, na kijana mwenyewe ambaye ugonjwa wake tangu mwanzo wamwambia majirani wampangia njama asikia watu wazima wanaoaminika wamwambia ndio, ni kweli, wakupangia. Hapo mnakuwa mwatia mafuta kwenye moto. Hilo neno la nani kamroga, kama litasemwa nyumbani kwenu, lisisemwe karibu yake kabisa.

Sasa nije kwa halati na chumba chake cha uani, manake hapa ndipo nataka ukae na mimi zaidi.

Sisi watu wa pwani tuna neno zuri sana, sitara. Mwanamke akianguka njiani nguo ikampanda, yule wa kwanza kufika hamuulizi umeangukaje, anavua leso yake amfunika. Kwa miaka yote hii nyumba ambazo nimeona wagonjwa wake wakisimama tena ni zile zinazojua kumstiri mtu, na zile ambazo wagonjwa wao wamekwisha ni zile zinazodhani kumstiri ni kumficha. Ukimstiri, yale ya usiku ule hayasimuliwi tena, si na watu wa nje wala na halati mwenyewe kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, lakini yeye aonekana, avaa kanzu yake safi, apita, asalimiwa. Ukimficha ni kinyume chake kabisa: kisa chabaki mtaani chazunguka na kila siku chaongezwa chumvi, na yeye ndiye hayupo, hakuna anayemuona sasa hivi akaona kwamba huyu mtu hajambo. Mwisho mtaa wote wamjua kwa ile video tu.

Nshawahi kuitwa nyumba moja, kulikuwa na binti amewekwa ndani miaka mitatu. Hakufungwa, hakupigwa, alipewa chakula kizuri, na mamake alimpenda kweli, nia ilikuwa asichekwe. Tulipoanza dawa sauti zilipungua ndani ya wiki chache. Lakini kuzungumza na mtu, kwenda dukani kununua sukari, kuvumilia kelele za tuktuk, hayo yalichukua zaidi ya miaka miwili. Ugonjwa ulimchukua kidogo, chumba kikamchukua kingi. Na wale dada zake ambao ndio sababu ya kumficha, posa zao zilivunjika vile vile, manake watu walikuwa wajua, watu hujua siku zote, na kwamba alikuwa amefichwa ndicho kilichowatisha wakadhani kuna kubwa zaidi.

Nikutajie wa pili. Kijana wa Mji wa Kale, alikuwa ajifunza useremala, naye alitoka wodini baada ya vurugu kubwa lililoonwa na kila mtu. Babake alikuwa mtu wa maneno machache. Ijumaa ya kwanza kabla hajamtoa alikwenda yeye peke yake kwa wazee wawili wa pale barazani akawaambia mwanangu atarudi baada ya Asri, nawaombeni msimuulize kitu. Basi akaja, wakamwambia hujambo, akasema sijambo, akapewa kikombe cha kahawa na kashata, wakaendelea na mazungumzo yao ya mpira na ya bandari. Dakika kumi, akarudi nyumbani. Kesho yake tena. Kufika mwezi yeye ndiye anayewamiminia kahawa, halafu mzee mmoja akamwambia kiti changu chacheza mguu, hebu kitazame. Huo mguu wa kiti, dadangu, ulikuwa matibabu. Kwa sababu alirudi kuwa fundi, mtu akimpita alimuuliza habari za mbao, si habari za ugonjwa. Dawa hakuacha, huu mwaka wa sita hajalazwa, na sauti hazikwisha kabisa, mwenyewe hunambia ni kama redio ya jirani, aisikia lakini si lazima aifuate.

Natumai waona kwa nini nakwambia hivi. Kupona kwa ugonjwa huu mara nyingi si kwamba kila kitu kimefutika. Kwetu mtu akipata nafuu twasema "sasa hajambo", na hajambo huyo ni mtu anayelala, anayekula, anayefanya kazi yake japo kidogo, anayejibu salamu na kuulizwa asipoonekana msikitini siku mbili. Kuulizwa huko dawa haiwezi kukufanyia.

Lakini dawa yenyewe isiachwe, na hapa nazungumza na mama moja kwa moja, umsomee hii ikiwezekana.

Mama, shikamoo. Kumsomea mwanao hakuna nesi mwenye akili zake atakayekukataza. Qur'ani yamtuliza na wewe yakutuliza, na kikombe cha kombe, yani maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani na maji ya waridi, sina neno nacho, bora tu iwe zafarani kweli, isiwe wino wa dukani. Ninachokuomba ni vitu vichache. Shekhe asimpige, asimfunge, asimshindishe na njaa, asimvutishe moshi, wala asimkeshe usiku kucha, manake kukosa usingizi ndiko kunakouita huu ugonjwa haraka kuliko kitu chochote, na ngoma za kupunga pepo zinazokwenda mpaka alfajiri nimeona zikimrudisha mtu wodini wiki hiyo hiyo. Na akikwambia uache dawa ndipo kisomo kifanye kazi, hapo mama ondoka, tafuta mwengine, wako mashekhe wazuri hapa mjini ambao humsomea mtu halafu wao wenyewe wamuuliza amemeza dawa? Mtume alitufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake, na Waislamu walikuwa na hospitali zenye wodi za wagonjwa wa akili zamani sana, ile ya Sultani Qalawun pale Cairo ilijengwa 1284. Kwa hivo hospitali haikuletwa na mzungu kuja kuishindania dini yako.

Na hili la shekhe na hospitali kushikana mikono si ndoto. Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo mwaka 1954 pale Aro karibu na Abeokuta aliwapangia wagonjwa wakae vijijini kwenye nyumba za watu badala ya kuwafungia wodini, kila mmoja na jamaa yake mmoja wa kumpikia, mchana wafanya kazi shambani, matibabu wapata, na waganga wa kienyeji aliwashirikisha. Juzi juzi, 2020, ulitoka utafiti wa Ghana na Nigeria ambao waganga na wahubiri walifanya kazi pamoja na wahudumu wa zahanati kwa wagonjwa wa saikosisi, yani waliopotewa na akili kwa sauti na dhana kama hizi, na baada ya miezi sita wagonjwa hao walikuwa na nafuu zaidi kuliko wale waliokuwa na waganga bila ushirikiano huo.

Dawa basi. Mgonjwa wa mara ya kwanza kama huyu kwa kawaida huambiwa aendelee mwaka mmoja mpaka miwili hata akijiona mzima kabisa, na wengi huacha mwezi wa tatu kwa sababu wajiona wazima. Wavulana wengine huacha kwa sababu hawatasema: dawa zaweza kumkaza viungo, kumtoa mate, kumfanya hatulii pale alipokaa, na kumpunguza nguvu za kiume. Hilo la mwisho kijana wa pwani hatamwambia dadake wala mamake, atatupa vidonge kimya kimya. Tafuta mwanamume anayemwamini, mjomba ama rafiki, amuulize faraghani, halafu liletwe kliniki, manake dozi hupunguzwa ama dawa hubadilishwa. Kama vidonge vya kila siku ni vita nyumbani kwenu, ulizeni kuhusu sindano ya mwezi, inaondoa ule ugomvi wa "umemeza, hukumeza". Na kutoka Kisauni mpaka hospitali ya Port Reitz najua ni safari ya kupita mji mzima, nauli ya kwenda na kurudi, hivo mkipewa tarehe itengeni nauli siku hiyo hiyo kabla haijaliwa na mengine.

Ramadhani ikifika msimuache ajipangie mwenyewe. Dawa nyingi zaweza kupelekwa usiku, baada ya futari ama daku, lakini mzungumze na daktari mapema mwezi wa Shaaban. Kama siku moja atapewa lithiamu, dawa nyengine ya wagonjwa wa akili, muwe na hadhari zaidi, hiyo na kukosa maji kwenye joto letu hili haviendani, yaweza kupanda mwilini ikawa sumu. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, hilo shekhe atamwambia vizuri kuliko mimi.

Kuna upande wa mtaa ambao hukuutaja na mimi ntautaja. Ile maskani ya vijana ya usiku, hao marafiki ndio waliokuja kumuona hospitali, wampenda, na hao hao wana muguka mdomoni, yale majani ya kutafuna kama miraa, na bangi mkononi. Muguka humnyima usingizi na vyote viwili huzirudisha sauti. Ukimkataza marafiki wote umemkata na watu aliobaki nao, ukimuacha nao haitachukua muda ataugua tena. Nlichoona kikifaulu ni kubadilisha saa na mahali: mmoja wao, yule mwenye moyo zaidi, aambiwe ukweli na aje kumchukua mchana, waende ufukweni, waende kutazama mpira, warudi kabla ya Isha. Mara nyingi yupo mmoja kama huyo.

Ami yako na ndoa, hilo ntalimaliza haraka. Ndoa si dawa. Akae kwanza hata mwaka ametulia, ana kitu afanyacho, halafu kama mwenyewe ataka aoe, na binti aambiwe kabla ya nikaha. Kumuoza mtoto wa watu bila kumwambia ni dhuluma, na siku atakapojua mtakuwa na wagonjwa wawili.

Video ile msiipiganie kwa matusi. Mumtume mtu mzima anayeheshimiwa, imamu wa msikiti wenu ama mzee wa mtaa, aende kwa hao vijana mmoja mmoja awaombe waifute, awaambie huyu ni ndugu yenu alikuwa mgonjwa. Sio wote watafuta. Lakini kule kuendewa na mzee kwawabadilisha watu, yule aliyekuwa akicheka hugeuka kuwa mtu aliyeombwa sitara, na kwetu hilo lina uzito.

Jambo moja ulishike mwenyewe. Wiki hizi za mwanzo baada ya kutoka wodini, akili inapomrudia akakumbuka yaliyompata, ndipo wengine hukata tamaa ya maisha. Ukimsikia asema hana faida, ama agawa vitu vyake, muulize waziwazi kama awaza kujidhuru. Swali hilo halimpi wazo jipya. Na msiogope kumkimbiza hospitali mkidhani polisi watamkamata, Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilishasema kile kifungu cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume na Katiba. Usiku mbili mfululizo bila kulala, ama kaanza tena kuziba madirisha na kukataa chakula akisema kina kitu, msingojee tarehe ya kliniki, nendeni siku hiyo.

Sasa uanzie wapi? Mimi ningeanza na mama, si na mtaa. Jioni moja baada ya Asri atoke na mwanawe wakae kibarazani pale mlangoni kwenu, yeye achambue mchicha ama akune nazi na kijana amshikie sinia, wasiseme kitu. Wa kwanza kupita atasalimia. Wiki hii wajaribu mara mbili, halafu niandikie unambie nani alisalimia na yeye aliitikiaje.